Barua kwa mwanangu: Cheo kipya na moyo usiotulia

Mwanangu,

Salamu na mapenzi tele. Barua yako imenifikia. Unasema umepewa nafasi ya kuwa mkuu wa idara, wenzako wanakupongeza, nawe huoni raha. Unauliza kama ni tamaa mbaya kutaka zaidi, au kama mwanamke mwenye malengo makubwa ndiyo basi, hatulii kamwe.

La tamaa tulimalize upesi. Mwanamume akitaka cheo husifiwa kwa kuona mbali; mwanamke akikitaka huulizwa nyumba atamwachia nani. Umelisikia swali hilo mpaka sasa unajiuliza mwenyewe. Warudishie wenyewe.

Lililobaki ni gumu zaidi. Wewe ni mhandisi. Barua zako zote za nyuma zilijaa mashine zilizogoma na jinsi ulivyozibembeleza mpaka zikawaka. Hii ina mshahara, ofisi na jina la cheo. Kazi yenyewe hukuitaja hata kwa mstari mmoja. Mkuu wa idara hafungui mashine, mama. Asubuhi yuko kikaoni, mchana anahangaika na bajeti, jioni anasuluhisha wawili wanaogombania likizo. Wapo wanaoipenda kazi hiyo, na ni kazi ya heshima, lakini ni kazi nyingine kabisa.

Nenda kwa anayekalia kiti hicho sasa. Usimuulize kama anafurahi, atakujibu kwa adabu tu. Muulize Jumanne iliyopita ilikwendaje, saa kwa saa. Kisha jiulize kama ungeitaka Jumanne hiyo hata kama hakuna anayekijua cheo chako.

Mwanasayansi Katalin Karikó, mzaliwa wa Hungaria, alishushwa cheo mwaka 1995 katika chuo kikuu alichokuwa akifanyia utafiti Marekani, baada ya kukosa fedha za utafiti. Hakuliacha swali lake: namna ya kuitumia mRNA, molekuli inayobeba maagizo ya kutengeneza protini mwilini, kama tiba. Mwaka 2005 yeye na mtafiti mwenzake Drew Weissman walichapisha ugunduzi uliokuja kuwezesha chanjo za UVIKO-19, na mwaka 2023 wakapewa Tuzo ya Nobel. Simtaji kwa ajili ya tuzo. Wengi huvumilia vivyo hivyo na tuzo haiji. Namtaja kwa ile miaka ya katikati, isiyo na makofi, ambayo kila akiamka alijua anaamkia nini. (Wala sikwambii ukubali kupunjwa. Mshahara unaostahili udai, tena kwa maandishi.)

Nadhani nusu ya kiu yako si yako. Mmoja wa wenzako kafungua kampuni, mwingine kahamia ng'ambo, nawe unavitaka vyote ndani ya wiki moja! Kutaka makubwa hakukunyimi utulivu. Kutaka kila kikubwa unachokiona kwa mwenzako, hapo hutalala.

Utaambiwa mchagua jembe si mkulima. Waache. Atakayelishika ni wewe.

Hukuniambia ofisi inataka jibu lini. Kama muda upo, omba ukaimu kwa miezi mitatu, na uulize kama utaruhusiwa kurudi kwenye mashine endapo hutaipenda kazi. Jibu la swali hilo wakupe kwa barua. Wakikataa yote mawili, angalau utakuwa umejua wanakuitia nini. Kisha nipigie, hata kama ni usiku.

Mama yako