Maabara inasema maji safi, klorini inasoma sifuri

Swali: Mimi ni katibu wa kamati ya maji. Kila mwezi tunapeleka sampuli maabara na majibu yanarudi kwamba hakuna E. coli, bakteria anayeonyesha kuwa kinyesi kimeingia majini. Lakini kwenye mabomba ya mwisho wa mtandao klorini inasoma sifuri. Tufuate kipi?

Jibu: Ndugu katibu, kinachokudai hatua leo ni klorini. Majibu ya maabara yanahusu mililita 100 za bomba moja, saa moja, na yanakufikia watu wamekwisha kuyanywa maji hayo. Klorini unaisoma papo hapo. Shirika la Afya Duniani linataka klorini huru, yaani ile ambayo bado haijatumika, isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mtumiaji anapochota.

Pima kutoka tangini hadi mwisho wa laini, siku hiyohiyo. Ikishuka polepole, huenda dozi ni ndogo au maji yanalala mno bombani. Ikiporomoka ghafla kati ya vituo viwili, kagua hapo katikati: bomba lililopasuka, au valvu iliyozama kwenye maji machafu. Kidonge cha kupimia klorini kiwe cha DPD namba 1, kile kinachogeuza maji yenye klorini kuwa ya waridi, na rangi ya waridi uisome mara moja. Ukichelewa inakolea, utadhani klorini ipo ya kutosha.

Kisha niambie, sampuli mnachukua saa ngapi? Kama maji ni ya mgao, swali hili ni zito kuliko yote. Presha ikikata, bomba hunyonya maji ya nje kupitia nyufa, na uchafu huo hutoka na maji ya kwanza. Ukienda saa mbili baadaye, uchafu huo umekwisha kupita. Chukua sampuli ya maji yale ya kwanza pia, bila kuyaacha yamwagike, baada ya kusafisha mdomo wa bomba.

Chupa nayo iwe na thiosalfeti ya sodiamu, na usiisuuze. Bila dawa hiyo, klorini iliyomo huendelea kuua bakteria njiani, na maabara inapokea maji safi kuliko yaliyotoka bombani. Iweke kwenye barafu, ifike ndani ya saa 6 ikiwezekana, isizidi 24.

Wakati mnatafuta chanzo, fungulieni maji yaliyolala kwenye ncha za laini yatoke, na watangazieni watu wa huko wachemshe maji ya kunywa. Msisubiri majibu ya mwezi ujao.