Lancaster: nunua langoni mwa shamba

Kwa ndugu mlioko Philadelphia, Baltimore na miji ya jirani: mkipanga safari ya Lancaster, Pennsylvania, kwa Waamishi (Wakristo wanaoishi kwa desturi za zamani na kusafiri kwa magari ya farasi) na Wamennonite (ndugu zao wa imani), msiishie kwenye maduka ya barabara kuu namba 30. Bidhaa nyingi za pale ni za kiwandani, zimebandikwa tu picha ya gari la farasi. Shikeni barabara ya 340 inayopita Bird-in-Hand na Intercourse, kisha mkate kona muingie njia za mashambani. Huko mtaona vibao vya kuandikwa kwa mkono: mayai, samani, vikapu, kwilti (matandiko ya vipande vya vitambaa vilivyoungwa). Fuateni hivyo. Langoni mwa shamba anayekuuzia mara nyingi ndiye aliyetengeneza, au mama yake, na hela yako inabaki mikononi mwao.

Nendeni na pesa taslimu. Na Jumapili msihangaike, wamefunga.

Kwilti ndiyo inayotaka macho. Igeuze uangalie upande wa nyuma. Mshono wa mkono ni vitone vidogo vyenye nafasi kati yake, na havilingani sawasawa; wa mashine ni mstari usiokatika. Muulize muuzaji bila kuona haya, atakwambia ukweli: huenda vipande vimeunganishwa kwa cherehani, halafu ile kazi ya kushona matabaka yote matatu pamoja (la juu, la kujazia katikati na la nyuma) ikafanywa kwa mkono, kwa wiki nyingi. Ya kitanda kikubwa inaweza kuvuka dola 1,000. Nakusihi usipunguze bei kama uko Kariakoo. Kama ni ghali, chukua vishikio vya sufuria au foronya, navyo ni kazi ileile.

Kwa chakula, Central Market mjini Lancaster hufunguliwa Jumanne, Ijumaa na Jumamosi. Wahini asubuhi. Onjeni pai ya molasi, shoofly: chini laini na nzito, juu chenga za unga na sukari. Chow-chow ni achari ya maharage, koliflawa na karoti, yenye siki na utamu. Mimi huila na pilau na siichoki.

Kamera iache mfukoni mbele ya watu. Waamishi hawapendi kupigwa picha za sura, ni jambo la imani yao. Wamennonite wengi wao wanaendesha magari na kutumia simu kama sisi, na kwa watu wa Mara si wageni hata kidogo: wamisionari waliofungua kituo cha misheni cha Shirati mwaka 1934 walitumwa na kanisa la huku Lancaster. Ukijitambulisha kuwa unatoka Tanzania, taja Shirati. Wazee wa kanisa wanaijua.

Barabarani, ukiona pembetatu ya rangi ya chungwa mbele yako, hilo mara nyingi ni gari la farasi. Punguza mwendo, usipige honi, na usilipite kwenye kilima wala kona.