Uliza Mama Muuguzi: "Sláinte" hutamkwaje?

SWALI: Mama, nakusalimu kutoka Tororo. Dada yangu ameposwa na kijana wa Ayalandi, mtu wa Cork, na wazazi wake watafika kwetu mwezi ujao. Mimi nimepewa kazi ya kuwakaribisha kabla watu hawajaanza kunywa, na ningependa kusema lile neno lao la kuinulia glasi, sláinte. Rafiki yangu mmoja husema "silainte", mwingine "slanji". Nani yuko sahihi? Halafu wazee watakuwa kwenye chungu cha malwa, pombe yetu ya ulezi inayonywewa kwa mirija, na nyanya yetu ni mlokole, hataki hata harufu ya pombe. Nikilisema mbele yake nitakuwa nimemkosea? – Kaka wa bi harusi

JIBU: Kaka, hongereni sana nyumbani. Naanza na nyanya, maana naona hofu yako iko hapo. Ndani ya neno hilo hamna pombe. Sláinte ni afya. Hata Wizara ya Afya ya Ayalandi kwa lugha yao huitwa An Roinn Sláinte. Limetokana na slán, yaani mzima, asiyeumwa, kitu kisichopungua. Nasi tunasema mkate mzima na mtoto mzima kwa neno lilelile moja, kwa hiyo tafsiri ninayoipenda mimi ni "uzima". Mwambie nyanya mapema, siku moja kabla, kwamba utawaombea wageni uzima. Atashika soda yake na kuitikia Amina.

Mimi neno hili sikulipata baa. Nililipata wodini, nikiwa mwanafunzi wa uuguzi katika hospitali ya misheni, kwa mtawa wa Ayalandi aliyetusimamia zamu ya usiku. Watawa wa kwao hawakuanza jana Uganda: Mama Kevina, mzaliwa wa Arklow, alifika Nsambya, Kampala, mwaka 1903, na hospitali iliyopo pale ilianzia mikononi mwake na wenzake. Sista wetu alihangaika na Luganda. Akitaka kusema abaana bana, watoto wanne, sauti ya a aliivuta kwenye maneno yote mawili au aliikata kwenye yote mawili, nasi tukacheka naye. Usiku mmoja, chai imeshamiminwa, akageuza chati ya joto ya mgonjwa aliyekwisha kuruhusiwa, akaandika SLÁINTE kwa herufi kubwa. Kisha akarudia kile kijistari juu ya A, kwa nguvu, mpaka kalamu ikatoboa karatasi. "Hii ni baana," akasema, "siyo bana."

Kijistari hicho huitwa fada, maana yake ni "ndefu", na kazi yake ni kuvuta irabu: slaan. Herufi i inayofuata usiitamke. Imewekwa pale kuonyesha kwamba n na t zilizo mbele yake ni laini. Rafiki yako wa "silainte" ameteleza hapo, na ameteleza pia mwanzoni kwa kutia i kati ya s na l, kama ulimi uliozoea Kiswahili unavyopenda kufanya. Anza na s ndefu, kama upepo unaotoka kwenye tairi, uingie kwenye l bila kupumzika. Yule wa "slanji" amekosa urefu, na j yake ni nzito mno.

Sehemu ya mwisho hubadilika kwa eneo. Kaskazini mwa Ayalandi hukaribia cha, ndiyo maana wengi husikia slaan-cha. Kusini, huko Cork, t hubaki laini zaidi, karibu na tya. Irabu ya mwisho usiikaze. Iache ififie kati ya a na e. Mkazo uweke kwenye slaan. Ukisema slaan-cha wataelewa bila shida, lakini kwa kuwa ni watu wa Cork, mimi ningejifunza slaan-tya.

Ukitaka kuongeza, sema sláinte mhaith, afya njema. "Nzuri" kwao ni maith, lakini sláinte ni neno la jinsia ya kike, basi kivumishi hubadilika kichwa kufuata nomino, jambo ambalo sisi wenye mzuri, kizuri na nzuri hatuhitaji kufundishwa. Hiyo mh husikika kama w sehemu za magharibi, na kama v kusini. Kwa wageni wako iwe slaan-tya va, na pumzi kidogo mwishoni.

Kama mtachapa kadi, msinakili maandishi kutoka kwenye chupa ya wiski ya Uskoti. Waskoti wana neno hilohilo, ila kijistari chao huinama upande mwingine na mwisho wao ni mhath. Mgeni wa Cork ataliona mara moja.

Sasa malwa. Kwenye chungu hakuna glasi ya kuinua wala ya kugonganisha, kwa hiyo usisubiri ishara hiyo. Subiri maji moto yamiminwe, wazee wakae, kila mtu awe ameshika mrija wake na wa soda awe na soda. Simama, karibisha kwanza kwa lugha ya kwenu, ndipo useme sláinte, na papo hapo "uzima", ili hata watoto walioko mlangoni wajue kimesemwa nini. Halafu nyamaza kidogo. Wageni wataitikia kwa neno hilohilo, na wape nafasi hiyo bila kuwakatiza na muziki. Baada ya hapo mzee mmoja akae karibu na baba wa kijana, amwonyeshe namna ya kushika mrija, na amwambie kwa upole asipulize hewa chunguni.