Mtoto akikutwa na ugonjwa wa ukarabati wa DNA, ulizeni ni jeni ipi

Familia ikiambiwa kwamba mtoto ana ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha ubongo mwaka hadi mwaka, swali la kwanza huwa ni kama kuna dawa. Ni swali la haki, na mara nyingi jibu ni kwamba dawa ya kuponya haipo. Nawasihi msitoke kwa daktari bila kuuliza la pili: ni jeni ipi iliyoharibika, na jeni hiyo ilikuwa inafanya kazi gani mwilini? Mdogo wangu ana ataksia-telanjiektasia, ambayo kwa kifupi huitwa A-T na ni mojawapo ya magonjwa ya ukarabati wa DNA, na karibu kila uamuzi wa maana tunaoufanya nyumbani umetokana na jibu la swali hilo.

DNA, yaani molekuli inayobeba maelekezo ya kurithi, ambayo jeni ni vipande vyake, huharibika kila siku, maelfu ya mara katika kila seli, hata kwa mtu mwenye afya njema. Maji yaliyomo ndani ya seli, oksijeni, jua, mionzi, vyote huivunja au kuichafua. Tunaishi kwa sababu seli zina vikundi vya protini ambavyo kazi yao ni kukarabati, kila kikundi na aina yake ya uharibifu, kama mafundi ambao mmoja ni wa bomba na mwingine wa umeme. Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015 kwa kuonyesha jinsi kazi hiyo inavyofanyika.

Kwa nini basi ubongo ndio unaoumia? Seli ya ngozi ikiharibika hufa na nyingine huchukua nafasi yake. Seli nyingi za neva hazigawanyiki tena baada ya kukomaa, kwa hiyo zinatakiwa kudumu maisha yote na DNA ileile. Isitoshe, ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini hutumia takriban asilimia 20 ya oksijeni yake, na matumizi hayo huzalisha kemikali zinazoumiza DNA. Kikundi kimoja cha ukarabati kikikosekana, uharibifu hulimbikizana mahali ambapo hakuna seli mpya za kuziba pengo.

Kwenye A-T kinachokosekana ni protini ya ATM. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 11, na ilitambuliwa mwaka 1995 na timu ya Yosef Shiloh. Nyuzi zote mbili za DNA zikikatika, ATM ndiyo inayotoa taarifa ili seli isimame na kukarabati kwanza. Mtoto huugua akirithi nakala mbovu kutoka kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wenyewe hawana dalili za ugonjwa huo, na kila mimba yao ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimesikia akina mama wakilaumiwa na ndugu wa mume. Hakuna wa kulaumiwa hapo.

Dalili zake huwapotosha wengi. Mtoto huanza kutembea vizuri tu, halafu anaanza kuyumba. Mdogo wangu alikuwa akiyumba zaidi akisimama kuliko akikimbia, jambo ambalo wageni walidhani ni utundu. Akitaka kutazama kitu pembeni aligeuza kichwa kwanza, macho yakafuata baadaye. Akisoma, kichwa kilikuwa kinaruka kutoka neno hadi neno. Baadaye mishipa midogo myekundu ilijitokeza kwenye weupe wa macho, tukapewa matone ya macho mekundu chupa baada ya chupa. Mishipa ile haiwashi, haitoi tongotongo, na haiondoki kwa dawa.

Watoto wengi wa aina hii huandikiwa mtindio wa ubongo. Tofauti ni kwamba mtindio wa ubongo hauendelei kula uwezo ambao mtoto alishaupata. Mkiona mtoto anapoteza alichokuwa akikiweza, ombeni rufaa kwa daktari wa neva wa watoto, na ulizieni kipimo cha damu cha alfa-fetoprotini. Ni cha kawaida katika maabara nyingi, na kwa wagonjwa wengi wa A-T huwa juu. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili hakina uzito huo, kwa kuwa watoto wachanga wote huwa nayo nyingi. Kipimo cha jeni ndicho kinachothibitisha.

Sasa faida ya kuijua jeni. Kwa kuwa ATM inahusika na DNA iliyokatika, na mionzi hukata DNA, mgonjwa wa A-T hapaswi kupigwa eksirei wala CT pasipo sababu ya lazima. Ultrasaundi na MRI hazitumii mionzi ya namna hiyo. Hatari kubwa zaidi iko kwenye saratani. Wagonjwa hawa hupata leukemia (saratani ya damu) na limfoma (saratani ya mfumo wa limfu) zaidi kuliko watu wengine, na dozi za kawaida za tiba ya mionzi zinaweza kuwaua. Hata baadhi ya dawa za saratani hupunguzwa au hubadilishwa. Sisi tumeliandika hili kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa kwanza wa faili lake, na kila daktari mpya tunamwonyesha kabla hajaandika chochote. Ila msikatae eksirei moja ya kifua pale nimonia inaposhukiwa. Kinga ya wengi wao ni dhaifu, na maradhi ya mapafu huua.

Jeni nyingine, tahadhari nyingine. Katika ugonjwa wa Cockayne, nao wa kurithi, kinachofeli ni ukarabati wa jeni zinazosomwa wakati huo, na watoto hao hawatakiwi kabisa kupewa metronidazoli, dawa ya kawaida sana ya kuhara, kwani imeshasababisha ini kufeli ghafla na vifo. Mzazi asiyejua atainunua dukani bila wasiwasi. Katika zeroderma pigmentosamu, ugonjwa mwingine wa ukarabati wa DNA, adui ni jua. Kumkinga mtoto na jua humwepusha na saratani ya ngozi, lakini kwa wale ambao neva zao pia zinadhoofika hakuzuii hilo, kwa kuwa miale hiyo haifiki kwenye ubongo. Mzazi aambiwe mapema, asije akadhani amezembea.

Ugonjwa wa Huntington, ambao nao ni wa kurithi na hudhoofisha ubongo, ndio ulionifundisha kutilia shaka maneno mepesi. Jeni yake, iliyopatikana mwaka 1993, ina herufi za DNA, CAG, zinazojirudia, na zikifika 40 au zaidi ugonjwa huja. Tangu mwaka 2015 tafiti kubwa za jeni zimeonyesha kwamba umri wa kuanza dalili husukumwa na jeni za ukarabati wenyewe. Protini ya MSH3 inapojaribu kurekebisha marudio hayo huyarefusha zaidi ndani ya seli za ubongo, wakati FAN1 huzuia yasirefuke. Hapo ukarabati ndio unaochochea ugonjwa. Kwa hiyo mtu akikuuzia vidonge vya "kuongeza ukarabati wa DNA", weka fedha zako kwenye mazoezi ya viungo na mtaalamu wa kumeza. Mdogo wangu alikuwa akipaliwa na maji, na kuyafanya mazito kidogo kumemsaidia kuliko chochote kilichouzwa kwenye kopo.

Wanawake wa ukoo wasisahaulike. Mwenye nakala moja mbovu ya ATM haugui A-T, lakini uwezekano wake wa kupata saratani ya matiti ni mkubwa kuliko wa kawaida. Mama, dada, shangazi na mama wadogo wazungumze na daktari kuhusu kupima na umri wa kuanza uchunguzi. Kwetu mazungumzo hayo yalikuwa magumu kuliko yale ya mtoto, na bado kuna ndugu ambaye hajataka kupima. Ni haki yake.

Mwisho, dai nakala kamili ya majibu ya jeni, yenye badiliko lenyewe herufi kwa herufi. Karatasi inayosema tu "ana A-T" haitoshi. Mwaka 2023 watafiti walieleza jinsi ya kutengeneza dawa maalumu za kurekebisha namna jeni ya ATM inavyosomwa, na zinawafaa wagonjwa wachache tu, kulingana na badiliko walilonalo. Bila maandishi hayo hamna namna ya kuuliza kama mtoto wenu ni mmoja wao.