Aliyempiga Picha Alikuwa Wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Juzi pale Posta, kwa wauza vitabu vya zamani, nilikuta jarida la National Geographic la Agosti 1963. Ndani yumo Jane Goodall, mtafiti Mwingereza, na sokwe wa msitu wa Gombe kule Kigoma. Binti yangu wa darasa la nne akaniuliza: "Baba, huyu mama aliishi msituni peke yake? Sisi hatukuwepo?" Nikakosa jibu. Na muuzaji anataka elfu thelathini. Ninunue?
Baba Zuhura, Mbagala

JIBU: Marahaba, Baba Zuhura. Nimepanga majarida hayo kwenye rafu za maktaba miaka ishirini na mbili. Yalichakaa kuliko kitabu chochote, maana hata asiyejua Kiingereza aliyafunua. Kijana wangu alipoambiwa shuleni achore mwanasayansi, alichora Mzungu wa kaptula ya kaki, darubini shingoni. Sikumkosoa, hata mimi kichwani nilikuwa na huyohuyo.

Mwambie Zuhura hivi. Jane alifika Gombe Julai 1960, ana miaka 26, na hakuwa peke yake hata siku ya kwanza. Serikali ya kikoloni haikumruhusu kukaa kule bila mwenzake, ndipo akaja na mama yake, Vanne, pamoja na mpishi. Vanne akawa anagawa dawa kwa wavuvi. Milimani Jane aliongozwa na wenyeji, akiwemo Rashidi Kikwale. Halafu muulize na yeye: kama Jane alikuwa peke yake, picha alipiga nani? Ni Hugo van Lawick, Mholanzi aliyetumwa na wenye jarida mwaka 1962. Miaka miwili baadaye alimwoa.

(Mambo haya hayakuanzia Gombe. Fuvu la Zinj, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, aliliona mtafiti Mary Leakey kule bonde la Olduvai, 17 Julai 1959, mumewe Louis akiwa kambini anaumwa. Makala ya jarida hilohilo, Septemba 1960, aliandika Louis.)

Wenye jarida siwalaumu sana. Chama chenye jarida ndicho kilichotoa fedha za utafiti, na msomaji wa Chicago alitaka msichana na mnyama, si mpishi na askari wa wanyamapori. Ila picha ilipotua huku kwetu ilitufundisha kwamba porini sisi ni wabeba mizigo tu.

Sasa sikia ambalo kamera haikulipata. Mei 1975 watu wenye silaha kutoka Zaire (Kongo ya leo) waliwateka vijana wanne wa utafiti pale Gombe. Wageni wakaondolewa, kazi ikabaki kwa Watanzania. Wawili wawili walimfuata sokwe mmoja tangu anaposhuka kiotani alfajiri hadi anapojenga kingine jioni, na walichokiona wakakiandika kwa Kiswahili. Naam, Kiswahili hiki cha Zuhura! Hata kabla ya hapo, 7 Januari 1974, Hilali Matama, Mtanzania wa kikosi cha utafiti, ndiye aliyeshuhudia sokwe wakimvamia mwenzao Godi, tukio lililofungua vita ya miaka minne kati ya makundi mawili. Dunia nzima ikashangaa kwamba sokwe nao wanauana.

Kuhusu bei, elfu thelathini ni nyingi, anza na kumi. Kwanza hesabu kurasa za makala ya Gombe, maana wale jamaa hukata picha nzuri na kuziuza kivyake kwa wenye saluni.