Swali la lugha: Mungu na huyo "mwanaume" wako

Msomaji wa Tororo anauliza: "Mwalimu, kwa nini maandiko matakatifu yanamtaja Mungu kama mwanaume? Na Kiswahili nacho kinamtaja hivyo?"

Nitakujibu, ndugu yangu. Lakini Mungu ni mvumilivu, atanisubiri kidogo. Kwanza niambie: "mwanaume" ndiye nani?

Mwana na mke huzaa mwanamke. Mwana na mume huzaa mwanamume. Wakiwa wengi, wana na wake ni wanawake. Wana na waume walipaswa kuwa wanawaume, ila ulimi ukachoka njiani, wakawa wanaume. Mpaka hapo sina ugomvi. Ugomvi ulianza pale mtu alipowachukua wanaume hao waliokwisha kufupishwa, akamtoa mmoja kwa kubadili kichwa tu, akatuletea "mwanaume". Haya, basi tumfanyie haki na dada yake: wanawake, mmoja wao ni "mwanawake". Mbona humsemi? Mbona mwanamke mnamtunzia viungo vyake vyote, na mwanamume mnamkata kiungo cha katikati?

Pale Malaba, karibu na yanapopanga foleni malori, kuna choo cha kulipia chenye milango miwili. Mmoja umeandikwa MWANAMKE kwa rangi nyekundu, herufi zimenyooka. Wa pili: MWANAUME. Mchoraji ni yule yule, brashi ile ile, siku ile ile, na nafasi ya kutia M moja zaidi mlangoni ilikuwepo tele. Nikasimama nikiutazama huo mlango, shilingi mia tano mkononi, hata kijana wa mlangoni akaniuliza, "Mzee, unaingia au huingii?" Nikaingia. Maumbile hayasubiri sarufi.

Sasa kwa Mungu. Kiswahili hakimtaji kuwa wa kiume wala wa kike, kwa sababu hakina pa kuliweka jambo hilo. Mungu aliumba, mama alipika, mbuzi alikula: "a" ni moja kwa wote. Luganda vivyo hivyo. Katonda, jina la Mungu litokanalo na okutonda, yaani kuumba, hachukui alama yoyote ya jinsia. Ndiyo maana shuleni tulichapwa kwa kumwita mama "he" kwenye somo la Kiingereza. Vichwa vyetu havikuwa na droo mbili. Wengi hapa Uganda tulikutana na Mungu wa "he" siku tulipofungua Biblia ya Kiingereza, na naona swali lako limetokea huko. Na ukitaka kucheka, tazama wingi: Mungu, miungu. "Usiwe na miungu mingine," sawasawa na miti mingine na mito mingine. Asili ya neno ni ya Kibantu, Wachewa wanasema Mulungu, basi, tusichimbe zaidi.

Kiebrania hakina starehe hiyo. Kitenzi lazima kichague, na "bara", aliumba, katika Mwanzo 1:1 ni cha kiume. Kiarabu nacho kina "huwa", yaani yeye wa kiume. Lakini hiyo ni sarufi, si mwili. Kwa Kiarabu jua, shams, ni la kike na mwezi, qamar, ni wa kiume, na sijasikia Mwarabu aliyelitafutia jua mchumba. Hata roho kwa Kiebrania, ruakh, kwa kawaida ni ya kike. Biblia yetu ya Kiswahili ikapita kando ya mzozo wote: "Roho ya Mungu ikatulia juu ya uso wa maji." Ikatulia!

Usidhani nakukwepa. Baba, Bwana na Mfalme si sarufi, ni mifano, nayo ilitoka katika jamii ambamo mwenye nyumba na mwenye kiti walikuwa wanaume. (Umeona? Wakiwa wengi nawaandika bila kinyongo.) Yesu mwenyewe alifundisha "Baba yetu". Waislamu hawamwiti Baba kabisa, maana sura ya 112 inasema hakuzaa wala hakuzaliwa, ila "huwa" iko pale pale. Na Isaya 66:13 Mungu anajifananisha na mama anayemfariji mwanawe. Mahubiri ya mstari huo nimeyasikia machache sana, labda kwa kuwa wahubiri wengi ni hao hao.

Nenda pia Mwanzo 1:27, usome Kiswahili cha wafasiri wetu: kwa mfano wa Mungu aliwaumba "mwanamume na mwanamke". Wote wawili ni mfano wake, na wote wawili wamekamilika herufi.

Ukiniandikia tena, andika mwanamume. Ukishindwa, barua yako nitaisoma vilevile. Mjukuu wangu husema "mwanaume" mezani kila siku, na posho bado anapewa.