"Ametoa vitabu vitatu": Kiingereza chake ni kipi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaandika wasifu wa mwandishi mmoja kwa Kiingereza. Nilitaka kusema "ametoa vitabu vitatu". Kamusi ikaniambia "toa" ni "remove", nikaandika "he removed three books". Mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini. Neno la Kiswahili likiwa na maana lukuki, nitajuaje la Kiingereza ninalolitaka?

JIBU: Marahaba. Mwenzako alikuwa na haki ya kucheka, maana uliyemwandika ni mtu aliyeondoa vitabu kabatini akaenda zake. Hata hivyo, kamusi haikukudanganya. Ulidaka maana ya kwanza, nayo haikuwa yako.

"Toa" ni kitenzi chenye shughuli nyingi mno. Tunatoa sadaka, tunatoa takataka nje, tunatoa hotuba, tunatoa jasho, tunatoa 5 katika 10. Kiingereza hugawa kazi hizo: sadaka ni "give", takataka ni "take out", hotuba ni "deliver", hesabu ni "subtract". Kwenye jasho hakitoi chochote, kinasema "sweat" kikamaliza.

Kwa hiyo usianze kwa kutafuta "toa". Lieleze kwanza kwa Kiswahili, kama unavyomweleza mtoto, kwa sharti kwamba neno lenyewe hulitaji. Ametoa vitabu, yaani amefanyaje? Amevichapisha, vikawafikia wasomaji. Tayari una "chapisha", neno lenye maana finyu zaidi, na ukilifungua hilo unakutana na "print" na "publish". Sasa geuza kamusi, soma Kiingereza kwa Kiswahili. "Print" ni kupiga chapa, kazi ya mtambo na wino. "Publish" ni kutoa maandishi kwa umma. Basi andika "he has published three books". Mimi hatua hii ya kurudi nyuma siiruki hata kwa maneno niliyoyazoea miaka nenda miaka rudi. Angekuwa mwanamuziki aliyetoa albamu, ungetumia "release". Ingekuwa serikali iliyotoa pasipoti, "issue".

Usilichanganye jambo hili na lile la "paa". Pale hatuna neno moja lenye maana nyingi, bali maneno mbalimbali yaliyogongana sura, ndiyo maana kamusi huyapa vidahizo, yaani maneno yanayofafanuliwa kamusini, tofauti na vyenye nambari. Bahati nzuri upatanisho wa kisarufi hukuonyesha njia: paa limevuja, hilo ni "roof", paa amekimbia, huyo ni mnyama, "antelope", ndege imepaa, hapo ni kitenzi, "take off".

Na kama hata neno la Kiswahili huna, una maelezo tu kichwani? Mwaka 1852 daktari mmoja wa Uingereza, Peter Mark Roget, alichapisha kitabu kilichopanga maneno ya Kiingereza kwa maana badala ya alfabeti, kwa ajili ya mtu mwenye wazo asiye na neno. Siku hizi zipo kamusi za mtandaoni unazoziandikia maelezo zikakuletea maneno. Anza na aina ya kitu, kisha sifa inayokitenga na vingine vya aina yake, kwa sababu ndivyo fasili za Kiingereza zinavyojengwa: "a person who…", "a tool for…". Ukiandika "shoes" na "repair" tupu utaletewa kapu zima. Andika "a person who repairs shoes", utapata "cobbler".

Ila kabla hujaondoka nalo, lifungue. Utakuta "cobbler" ni fundi viatu, na pia ni kitindamlo cha matunda yaliyofunikwa kinyunga na kuokwa. Ukisema "the cobbler mended my shoes" hakuna atakayekuelewa vibaya. Ukiingia mahali na viatu vyako mkononi ukasema tu "I want a cobbler", usishangae ukiletewa sahani na kijiko.